Redio Tuliyoiita Mbea

2 Machi

Mvua imeanza. Daraja la barabara ya milimani limesombwa, kama lilivyosombwa mwaka jana na mwaka juzi, na mwenye kampuni yetu anatembea huku akipiga mluzi. Barabara zikifa, vindege vyetu ndivyo vinavyoshiba. Akiwa hayupo tunamwita Mwenye Mali. Akiwepo tunamwita bosi, tena kwa heshima zote.

Kuanzia kesho safari zinaongezeka maradufu. Mimi ni rubani msaidizi, nakaa kiti cha kulia. Cha kushoto anakaa kapteni, ambaye pia ni mume wa dada yangu na ndiye aliyenifundisha kuruka. Nyumbani ni shemeji, angani ni kapteni, na yeye mwenyewe huchanganya.

Naandika kwa sababu kazini nikisema naambiwa nina mdomo, na nyumbani hakuna wa kumwambia.

3 Machi

Matope hadi ndani ya soksi.

6 Machi

Leo tumegombana, ingawa yeye hajui kama tumegombana.

Tunapokuja kutua, mmoja anaendesha na mwingine anatazama. Leo aliendesha yeye, mimi nikatazama. Ninachotazama ni kisaa cha duara kinachoonyesha kasi. Ndege yetu ikiwa imejaa, inatua vizuri kwenye mia na kumi. Ikishuka mpaka tisini mabawa yanaacha kubeba, na hayakupi taarifa mapema. Kwa hiyo mshale ukianza kuteremka mimi nasema "Kasi," yeye anajibu "Naona," anaongeza nguvu ya injini, basi. Mengine yote yanangoja magurudumu yaguse chini. Alinifundisha mwenyewe nikiwa mwanafunzi: "Ukikaribia ardhi, mdomo uwe na neno moja tu."

Sasa huyohuyo leo, njia ya kutulia iko mbele ya pua zetu, ananisimulia jinsi mama yangu alivyomzimia televisheni katikati ya mechi ili wasali.

"Kasi," nikasema. Mshale ulikuwa mia na mbili.

"Naona, naona. Shemeji, ngoja nimalizie. Nikamwambia, mama, bado dakika tano tu! Akasema, basi omba Mungu zipite haraka!"

Alirekebisha kwa mkono mmoja na akatua kama anaweka yai mezani. Nami nikacheka. Kinachoniudhi mpaka sasa hivi ni kwamba nilicheka.

9 Machi

Niandike kuhusu Mbea, maana mtu wa nje hawezi kuamini.

Tuna redio mbili. Ya kwanza ni ya mnara wa kuongozea ndege. Ya pili ni ya ofisi yetu, na ndiyo tunayoiita Mbea. Antena yake iko juu ya paa la ofisi, nyuma ya kilima. Ukiwa mbali haisikii kitu. Inaanza kusikia pale unapokizunguka kilima na kunyooka na njia ya kutulia. Yaani wakati ambapo mdomo unatakiwa uwe na neno moja, ndipo Mbea anapopata sauti.

Na ana maswali! Uwanja mzima una gari moja la mafuta, na anayeliagiza mapema ndiye anayejaziwa kwanza. Mwenye Mali anakaa redioni mwenyewe, anatuvizia. "Mko wangapi? Wanashuka wangapi? Mafuta kiasi gani? Mizigo?" Anayejibu ni yule anayetazama, maana mwenzake mikono imejaa. Kwa hiyo anayetazama anaacha kutazama.

Marubani wote wanamlaani Mbea. Marubani wote wanamjibu.

10 Machi

Mvua. Safari mbili zimeahirishwa. Nimelala kama gogo.

14 Machi

Nimeenda kwa Mwenye Mali. Nilimwomba shemeji twende wote, akasema, "Mwenye nguvu mpishe, shemeji. Mimi nina watoto watatu." Kana kwamba watoto hao si wapwa zangu.

Nikamweleza Mwenye Mali kwa adabu. Tupige baada ya kutua, tukiwa tunatembea kuelekea jengoni. Tutachelewa kidogo sana.

"Kidogo hichohicho ndicho jirani yangu mwenye ndege zake anachochukulia gari la mafuta," akasema. "Wewe binti, mke wangu anapika, anaongea na simu, anamkemea mtoto, vyote kwa pamoja. Nyie mmesomea, mnashindwa nini?"

"Mkeo akiunguza chakula, bosi, mnakula kilichoungua. Mimi nikiunguza tunakufa."

 Akasema nina mdomo, na kwamba kuna watu wengi wanaokitaka kiti changu.

Nilipotoka nilimkuta shemeji kwenye veranda anapiga soga na walinzi, anawachekesha. Nilimchukia. Naandika neno hilo nikiwa nimeshatulia.

17 Machi

Jumapili, kwa dada. Amenikondea, au ni mimi niliyenenepa. Shemeji alilala kwenye kochi mdomo wazi, watoto wakimwekea vijiko kifuani bila kumwamsha.

Jikoni dada aliniambia, "Huko juu mwangalie mume wangu. Siku hizi anachoka sana."

"Si ndiyo kazi yangu."

"Hapana, nisikilize. Mwangalie."

Nikamwahidi. Kitu rahisi kuahidi, mikono ikiwa kwenye povu la sabuni.

22 Machi

Tisini na saba.

Mbea aliita, nikawa namjibu kuhusu mizigo. Nilipogeuza macho mshale ulikuwa umeshafika hapo. "Kasi!" Sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliyekanyagwa. Shemeji akasukuma nguvu, ndege ikanyanyuka kidogo, tukatua. Abiria wakapiga makofi. Abiria wanapenda kupiga makofi.

Tulifika kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Ulichelewa," akasema.

"Nilikuwa namjibu bosi wako."

"Najua." Akakaa kwenye benchi, kiatu kimoja mkononi. "Najua, shemeji. Kesho usimjibu. Mimi ndiye kapteni, nikisema usimjibu, usimjibu."

Nilitaka kumbusu paji la uso. Huyu ndiye mwalimu wangu ninayemkumbuka.

23 Machi

Mbea aliita akachoka. Shemeji hakusimulia chochote. Nilisema "Kasi" mara moja, akasema "Naona." Sijawahi kutua kwa raha hivi msimu huu.

Halafu gari la mafuta likaenda kwa jirani, tukangoja, na Mwenye Mali akaja mpaka chini ya bawa, mwavuli mkononi, akamtukana shemeji mbele ya abiria. "Unajiona nani? Wewe ni dereva! Dereva wa juu tu!" Shemeji ana mvi. Alisimama kwenye mvua akiangalia viatu vyake.

24 Machi

Tulipozunguka kilima Mbea akaita. Nikamtazama shemeji.

"Mjibu," akasema.

29 Machi

Anajibu maswali mengine mwenyewe sasa, huku anaendesha. "Mwambie mafuta nusu. Hapana, mwambie robo tatu." Hadithi za mama zimekwisha. Nilikuwa nazichukia, sasa ndizo ninazozitamani. Kwenye hadithi angalau jicho lake moja lilibaki kwenye mshale.

1 Aprili

Upepo. Safari zote. Hakuna cha kuandika.

5 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa. Ilitokea juzi.

Tulikuja na ndege iliyojaa. Mvua ilikuwa inapiga kioo cha mbele, upepo unatusukuma mara huku mara kule. Shemeji alikuwa anaendesha. Tulipokizunguka kilima nikasema, "Kasi mia na kumi na mbili," akasema, "Naona." Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Mbea akaita. Nikajibu wanashuka wote. Akauliza kama kuna mizigo mikubwa. Nikasema ipo. Akauliza mingapi. Nikageuka kutazama nyuma, maana ndege yetu haina ukuta kati yetu na abiria, mizigo naiona kwa macho. Kwenye kiti cha mbele alikaa mama mmoja fundi cherehani, amekumbatia cherehani lake kwenye kitambaa cha maua. Alinitabasamia. Nikawa najiuliza kama lile la kukumbatiwa nalo linahesabiwa.

Nikasikia shemeji anasema, "Mwambie gari lije na mafuta ya kujaza kabisa, jioni kuna safari ya ziada." Naye alikuwa amegeuza uso kwangu. Sote wawili tulikuwa tunaangaliana na kuongea mafuta, na kisaa kiko mbele yetu hakina mtu.

King'ora cha onyo kikalia. Nilipogeuka mshale ulikuwa themanini na tisa. Nilisema "Kasi," kama vile bado kulikuwa na maana ya kulisema. Shemeji alisukuma nguvu yote na kulaza pua, ndivyo inavyotakiwa, lakini kufanya hivyo kunahitaji hewa chini yako, na sisi hatukuwa nayo. Tuliangukia matopeni, kabla ya njia ya kutulia. Gurudumu la mbele likakatika. Ndege ikaburuzwa kwa pua mpaka ikasimama yenyewe.

Kisha kimya, na mvua, na katika kimya hicho Mbea akasema, "Haloo? Mmesema mizigo mingapi?"

Hakufa mtu. Kila anayekuja kunitazama anaanza na hilo. Yule fundi alipondwa mguu na cherehani lake mwenyewe.

12 Aprili

Wakaguzi wa ajali wamekaa nasi siku nzima katika chumba cha mikutano, viyoyozi vinatiririsha maji ukutani.

Nilisema yote. Kilima, antena, gari la mafuta, maswali. Mwenye Mali alisikiliza kwa huzuni kama yuko msibani, kisha akasema redio ya ofisi ni ya hiari. Hajawahi kumlazimisha rubani yeyote. Wakaitwa marubani wengine wawili, wanaomlaani Mbea kila siku wakinywa chai. Mmoja baada ya mwingine: ni hiari.

Halafu akaitwa shemeji. Alisimama.

"Rubani nilikuwa mimi," akasema. "Kasi ilinishuka mikononi mwangu. Msaidizi wangu hana kosa."

Nililia mbele za watu, jambo nisilolifanya. Wakamuuliza, na redio ya ofisi je?

Akasema, "Haihusiki."

Hakunitazama.

16 Aprili

Leseni ya shemeji imefutwa. Yangu imebaki. Dada amenipigia kuniambia nimshukuru mumewe. Nimemwambia namshukuru. Usiku mzima neno "haihusiki" linanirudi kama chakula kibaya.

20 Aprili

Nimeenda hospitali kumwona fundi. Mguu haukuokolewa. Amekaa kitandani anashona kifungo cha shati la mgonjwa wa kitanda cha pili, maana mikono, alisema, haikuanguka na ndege.

Nikamwomba msamaha. Akaniacha nimalize.

"Nikuulize kitu, mwanangu. Niliwasikia mnataja mafuta na mizigo, nikasema moyoni, kumbe kutua ndivyo kulivyo, wanahesabu kwanza. Ndivyo kulivyo?"

"Hapana, mama. Sivyo."

"Ahaa." Akakata uzi kwa meno. "Basi mbona hakuna aliyekuja kuniuliza? Mimi si nilikuwa hapo nyuma yenu?"

Nikaenda kwa wakaguzi moja kwa moja kutoka hospitali. Wakasema faili limefungwa.

27 Aprili

Mkono umepona, na Mwenye Mali ameniita. Ana upungufu wa makapteni, mvua bado zipo, na sifa zote za kukaa kiti cha kushoto ninazo tangu mwaka jana. Kwa hiyo nimepandishwa. Nimeingia pale nikitarajia kufukuzwa na nimetoka kapteni, kwa sababu tu daraja la milimani halijajengwa. Nilikubali. Nisingekubali, angekaa pale mmoja wa wale wawili wa "ni hiari."

Msaidizi wangu ni mzee mmoja aliyetoka jeshini, haongei hata salamu. Tunamwita Mjeshi. Nampenda tayari.

29 Aprili

Safari ya kwanza kushoto. Tulipokizunguka kilima Mbea hakuita. Magurudumu yalipogusa chini, ndipo ilipokuja sauti, taratibu:

"Karibuni. Mko wangapi, kapteni?"

Ilikuwa sauti ya shemeji.

Ndicho alichopewa. Kiti cha redioni, nyuma ya kilima. Sasa naelewa "haihusiki" ilikuwa na bei gani. Nilidhani alinikinga mimi. Labda alinikinga pia, mtu anaweza kuuza na kutoa zawadi kwa mkono uleule. Lakini alingoja magurudumu yaguse. Bado anajua.

3 Mei

Ameendelea kungoja magurudumu yaguse. Jirani amelichukua gari la mafuta kila safari.

4 Mei

Leo aliita tukiwa tumenyooka tu. Sauti ilikuwa kavu. "Mko wangapi?" Nyuma yake nilisikia mtu anakohoa, na kikohozi hicho nakijua.

Mjeshi alinyoosha mkono kwenye redio. Nikamwambia, "Acha. Kasi?"

"Mia na tisa."

"Naona."

Shemeji aliita mpaka tukatua.

6 Mei

Hivyohivyo. Mwenye Mali haniambii kitu mimi, hana kapteni wa ziada. Anamwambia shemeji. Mhudumu wa ofisi amenieleza: ameambiwa kazi yake ni kupata majibu, asipoyapata hana kazi.

8 Mei

Dada amekuja. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule yangu, mkoba begani.

"Kwa nini humjibu mume wangu?"

Nikamweleza. Nilichora mpaka kilima kwenye meza kwa kidole. Alitazama kidole changu, hakutazama kilima.

"Alipoteza leseni yake kwa ajili yako," akasema. "Sasa ana kijiti cha mwisho cha kushikilia, na wewe unakivuta. Ni neno moja, mdogo wangu. Unasema 'tisa.' Linakuua?"

"Linaweza."

"Nilikuomba umwangalie."

"Dada, nyuma yangu wanakaa watu. Kuna mama amekatwa mguu."

"Na mimi nyuma yangu wanakaa watoto watatu," akasema. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema, na sasa sote tumekaa kwenye sinia moja. Mlango hakuubamiza. Aliufunga polepole, ndivyo alivyofundishwa na mama.

9 Mei

Sikumjibu.

10 Mei

Sikumjibu. Mjeshi ameongea kwa mara ya kwanza: "Ni jamaa yako yule?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Pole," akarudi kwenye kisaa.

13 Mei

Mvua ndiyo inaisha. Leo jua lilitoka kabla hatujakizunguka kilima, uwanja wote unang'aa maji.

"Mko wangapi?"

"Kasi mia na kumi," akasema Mjeshi.

"Naona."

"Kapteni, mko wangapi?" Halafu akaacha ukapteni. "Shemeji. Shemeji, nijibu basi. Amesimama nyuma yangu hapa. Neno moja tu, nakuomba."

Sijawahi kumsikia akiomba, hata siku ile ya mwavuli. Ulimi wangu ulishatamka "t" ya tisa. Na nilipokuwa nauzuia, upepo ukatushika kutoka upande, na Mjeshi akasema, "Kasi."

Mia na moja.

"Naona," nikasema, nikaongeza nguvu. Mshale ukapanda. Tukatua. Mbea hakuita tena.

14 Mei

Mbea ana sauti mpya, ya msichana. Ameulizia mizigo. Sikumjibu na yeye. Daraja limeanza kujengwa, Mwenye Mali hapigi mluzi tena, na mimi najua daraja likiisha nitafuata kufukuzwa.

Jioni mtu alibisha. Alikuwa shemeji, amekuja kuchukua mkoba wake wa urubani, uliobaki kwenye kabati langu tangu ajali. Nikamwambia karibu ndani. Akasema yuko sawa hapohapo nje. Nikamletea. Aliupangusa vumbi kwa kiganja ingawa haukuwa na vumbi. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimeshajiandaa, na nilijua nisingemjibu.

Alipofika getini aligeuka.

"Jana," akasema. "Nilipokuwa nakuita. Ulikuwa na ngapi?"

"Mia na moja. Upepo. Nikarekebisha."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mwanafunzi wake na nimepatia.

"Kama ungenijibu," akasema, halafu hakumaliza. Akafungua geti, akaenda zake bila kuniaga.